Saa ya Pumu Ilijifunza kwa Pumzi ya Nani?

Wasee, leo naomba dakika kumi zenu. Si stori ya mastaa wala siasa. Ni stori ya pumzi.

Disemba iliyopita nilikuwa ushago, Marani, kaunti ya Kisii, kwa magokoro. Wasio Wakisii, huyo ni nyanya. Jioni mvua ilinyesha, na mvua ya kwetu haina aibu, ikaacha baridi inayoingia mpaka ndani ya godoro. Binamu yangu wa miaka 11 ana pumu. Mjomba wetu aliye Minnesota alikuwa amemtumia saa janja, zile zinazosoma mapigo ya moyo, zinasoma oksijeni, zinahesabu mpaka hatua. Kijana alikuwa anatembea nayo sokoni kama mheshimiwa.

Saa nane usiku kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Tukatafuta inhela ya buluu, ikatoa mvuke mara mbili ikaisha. Tukaangalia saa: oksijeni 95. Tukampigia mjomba, kwake bado ilikuwa jioni. Akasema 95 ni sawa, mwacheni alale. Hata mimi, na digrii yangu ya YouTube, nikasema ni sawa. Baada ya muda filimbi ikapungua, ikanyamaza kabisa. Nikasema asante Mungu, nikaanza kutafuta blanketi.

Magokoro hakusema asante. Alikuja na kurunzi, akainua shati la mtoto, akaweka sikio mgongoni. Akakaa hapo. Akaangalia mbavu zikivutwa ndani kila akipumua. Akamuuliza jina la mwalimu wake, na kijana akashindwa kumaliza jina moja bila kukata pumzi. Halafu akaniambia, "Omwana one, kilipokuwa kikilia sikuogopa. Sasa kimenyamaza. Amsha mtu wa boda."

Tulifika hospitali tukiwa watatu kwa pikipiki moja, mimi nyuma nimemshika. Akawekewa oksijeni, akapewa dawa ya mvuke na dawa ya kupunguza uvimbe kwenye mirija. Asubuhi, alipokuwa anakunywa chai, daktari wa zamu alinieleza kitu ambacho sijasahau. Kifua cha mwenye pumu kikinyamaza na mtoto bado anahangaika, si kupona. Ni kwamba hewa imekuwa kidogo mpaka haitoshi hata kupiga filimbi. Na oksijeni kwenye damu huwa inashuka mwishoni, mwili ukishachoka. Namba nzuri saa nane usiku haikuwa na maana tuliyoipa.

Saa haikudanganya, manze. Sisi ndio tulijibiwa swali ambalo hatukuwa tumeuliza. Tangu siku hiyo nikawa na deni: kujua vidude hivi vilitoka wapi, na vilijifunza kupima kwa pumzi ya nani. Nimesoma wiki kadhaa. Nilichokipata ni historia ambayo kila kijana mwenye pumu, na kila mtu anayelala chumba kimoja na mwenye pumu, anafaa kuijua kabla hajanunua saa.

Sikio lilianza

Kabla ya mashine yoyote, daktari alifanya kile magokoro alifanya: sikio juu ya ngozi. Mwaka 1816, pale Paris, daktari Mfaransa aitwaye René Laennec alikuwa na mgonjwa wa kike, msichana, na aliona aibu kuweka kichwa kifuani kwake. Akakunja karatasi ikawa kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni. Akashangaa kwamba anasikia vizuri kuliko awali. Hiyo ndiyo babu ya stethoskopu inayoning'inia shingoni kwa kila daktari wa filamu za Nollywood.

Na tusidhani huku kwetu watu walikuwa wamekaa tu wakingoja wazungu walete udaktari. Abagusii walikuwa na mabingwa wa kufungua fuvu la mtu aliye na maumivu makali ya kichwa baada ya kuumia, na wagonjwa wengi waliishi kusimulia. Katika karne ya 20 wageni walikuja na kamera na madaftari kuwaandika. Maarifa yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyahesabu kama maarifa, na hilo la kuhesabu ndilo linaloleta shida kwenye stori inayofuata.

Mashine ya bima

Mwaka 1846, daktari wa upasuaji Mwingereza, John Hutchinson, alichapisha kazi yake kuhusu mashine aliyoiita spirometa. Unavuta pumzi yote, unapuliza ndani ya bomba, debe linaelea juu ya maji, na mizani inasema umetoa hewa kiasi gani. Alipima zaidi ya watu 2,000: mabaharia, polisi, wazima moto, wapigana mieleka, maskini wa mitaani. Akagundua kwamba hewa hiyo inaenda na urefu wa mtu na umri wake. Kazi safi kabisa. Aliona pia kwamba kampuni za bima ya maisha zingeipenda mashine yake, kwa sababu mapafu dhaifu ni hasara kwa bima.

Kwa hivyo angalia: mashine ya kwanza kubwa ya kupima pumzi haikuwa ya mgonjwa peke yake. Tangu mwanzo kulikuwa na mtu wa tatu chumbani, mwenye hesabu zake. Shika hilo, tutalirudia.

Spirometa ikavuka bahari ikafika Marekani, na huko ikaangukia mikono mibaya. Samuel Cartwright, daktari wa kusini aliyetetea utumwa, yuleyule aliyedai kwamba mtumwa kutoroka ni ugonjwa wa akili, aliitumia kudai kwamba mapafu ya watu weusi yana upungufu wa asilimia 20. Mwaka 1869, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Benjamin Gould akachapisha vipimo vya maelfu ya wanajeshi, weusi na weupe, na tofauti aliyoipata ikachukuliwa kuwa ya asili. Hakuna aliyesimama kuuliza: hawa wanajeshi weusi walilala wapi, walikula nini, walifanya kazi gani tangu utotoni?

Unasema hayo ni ya zamani. Sikia sasa. Dhana hiyo iliingia ndani ya mashine za kisasa. Kwa miaka mingi, ukipimwa na spirometa, mhudumu anabonyeza rangi yako, na programu inashusha kiwango cha kawaida kwa asilimia 10 hadi 15 ukiwa mweusi. Maana yake, mtu mweusi aliyepoteza sehemu ya nguvu ya mapafu anaambiwa, "Kwa mtu kama wewe, hii ni kawaida. Nenda nyumbani." Hesabu mpya za dunia zilizotoka 2012 zilikuwa na kundi la watu weusi, lakini kundi hilo liliitwa la Wamarekani weusi. Kwa hivyo mtoto wa Marani aliyepuliza bomba alikuwa analinganishwa na mtoto wa Chicago. Ilikuwa mpaka 2023 ambapo chama cha madaktari wa mapafu wa Marekani, American Thoracic Society, kilisema tuache kutumia rangi katika hesabu hizo.

Kutoka 1846 mpaka 2023. Miaka 177.

Binti aliyeuliza swali

Si yote ni giza. Mwaka 1955, binti wa bosi wa kampuni ya dawa ya Riker huko Marekani alikuwa na pumu. Wakati huo dawa ya mvuke ilikuwa inapulizwa kwa chupa ya kioo yenye mpira wa kubinya, inavunjika, inavuja, na kila mbinyo unatoa kiasi tofauti. Akamuuliza baba yake: kwa nini dawa yangu isiwekwe kwenye kopo kama dawa ya nywele? Baba yake, George Maison, akalipeleka swali kazini. Mwaka 1956 inhela ya kwanza ya kubonyeza, yenye dozi iliyopimwa, ikaingia sokoni. Mwaka 1969 ikaja salbutamol, dawa iliyo kwenye ile ya buluu tunayoijua sote.

Aliyeuliza swali lililobadilisha maisha ya mamilioni alikuwa msichana aliyechoka na kidude kibovu. Hakuwa profesa. Nawaambia hivyo kwa sababu kuna mtu anasoma hapa yuko Form Three, ana pumu, na anadhani hana la kuongeza.

Mwaka 1959, Martin Wright, mtafiti aliyefanya kazi kwenye kituo cha Uingereza kilichochunguza mapafu ya wachimba makaa ya mawe, alitoa kifaa cha kupima nguvu ya mpulizo mmoja. Baadaye, miaka ya 1970, likaja toleo dogo la plastiki ambalo mgonjwa anaenda nalo nyumbani. Unapuliza asubuhi na jioni, unaandika namba kwenye daftari. Namba ikianza kushuka, unajua shambulio linakuja kabla kifua hakijaanza kulia. Huo ndio mwanzo wa mgonjwa kujifuatilia mwenyewe. Halihitaji betri, halihitaji bando, halimtumii mtu yeyote data yako. Na halikulinganishi na mtu wa Chicago, linakulinganisha na wewe wa jana.

Mwanga kwenye kidole

Sasa tufike kwenye saa ya binamu yangu.

Mwaka 1974, mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden, aligundua njia ya kusoma oksijeni kwa mwanga bila kutoboa mtu. Damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo hazimezi mwanga kwa njia moja. Pitisha mwanga mwekundu na ule wa chini ya wekundu tusiouona, fuata mpigo wa mshipa, piga hesabu. Ndiyo ile klipu ya kubana kidole ambayo wengi wetu tulikutana nayo wakati wa korona. Saa janja inafanya jambo hilohilo mkononi, ila haipitishi mwanga, inasoma unaorudi. Aoyagi alifariki Aprili 2020, dunia nzima ikiwa inabana vidole kwa uvumbuzi wake.

Disemba ya mwaka huohuo, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha kitu kizito. Waliangalia wagonjwa ambao klipu ilisema wako kati ya 92 na 96, halafu wakalinganisha na damu yao halisi iliyotolewa kwenye mshipa. Kwa wagonjwa weupe, asilimia 3.6 walikuwa chini ya 88, yaani hatarini, na klipu haikuona. Kwa wagonjwa weusi ilikuwa asilimia 11.7. Karibu mara tatu. Melanini ya ngozi inaingilia mwanga, na mashine zilikuwa zimerekebishwa zaidi kwa ngozi nyeupe.

Watafiti walikuwa wamelisema tangu 1990. Miaka 30 watu wanajua, na mashine zinauzwa.

Niliposoma hapo nilifunga laptopu nikatoka nje. Kwa sababu binamu yangu ni mweusi tititi, kama mimi. Siwezi kusema kwamba usiku ule ngozi ndiyo iliipotosha saa. Ninachosema ni kwamba sikujua hata kuna swali la kuuliza, na nilikuwa tayari kumwacha mtoto alale kwa sababu ya namba.

Vumbi la Barcelona, mkanda wa Carolina

Sasa hebu tuitetee teknolojia, maana inastahili. Kati ya 1981 na 1987, mji wa Barcelona, Uhispania, ulikuwa na siku za ajabu. Siku fulani tu, bila onyo, hospitali zinafurika watu wa pumu, halafu kesho kimya. Watu walikufa. Ilichukua miaka ya kupekua rekodi na kuchora ramani mpaka watafiti wakagundua: ni siku ambazo meli zilikuwa zikishusha soya bandarini. Maghala hayakuwa na vichujio vizuri, vumbi la soya likasambaa mjini. Vichujio vikawekwa, milipuko ikakoma.

Fikiria kama kila inhela mjini ingeandika saa na mahali ilipotumika. Wangejua kwa muda mfupi. Wazo hilo ndilo alilolifanyia kazi David Van Sickle, Mmarekani aliyeanzisha mwaka 2010 kampuni iliyokuja kuitwa Propeller Health. Waliweka kihisi kidogo juu ya inhela. Ukibonyeza, simu inajua lini na wapi. Katika jiji la Louisville zaidi ya watu 1,000 wenye pumu walijiunga, na data yao ikatoa mapendekezo kuhusu wapi papandwe miti na malori yapite wapi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State wakaonyesha mkanda wa mkononi unaonusa hewa, kibandiko cha kifuani kinachosikiliza filimbi, na spirometa ya kushika mkononi, vyote vikisomwa pamoja ili siku moja viseme, "Mtu wangu, rudi ndani, shambulio linakuja."

Ni kitu kizuri sana. Lakini kumbuka magokoro. Kibandiko kinachosikiliza filimbi, filimbi ikinyamaza, kinafikiri nini? Mtu aliyekitengeneza ndiye anafaa kukifundisha kwamba kimya nacho ni dalili.

Na sisi je?

Hapa ndipo watu hunishangaza. Wanadhani Afrika Mashariki inangoja tu. Kwani hamjui tumepima muda mrefu?

Mwaka 1998 watafiti wakiongozwa na Mkenya, daktari Ng'ang'a, walichapisha utafiti wa watoto zaidi ya 1,200 wa shule za Nairobi na Murang'a. Watoto walifanyishwa mazoezi, wakapuliza spirometa kabla na baada. Nairobi, asilimia 22.9 mirija yao ilibana baada ya mazoezi. Murang'a, asilimia 13.2. Yaani karibu mtoto 1 kati ya 4 mjini. Wangapi kati yao waliambiwa na mwalimu wa michezo kwamba ni wavivu?

Mwaka 2001, Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha kazi iliyofanywa Mpala, Laikipia, kwenye nyumba 55. Walipima moshi wa jikoni kwa zaidi ya miaka miwili na kufuatilia nani anaugua kifua. Walionyesha kwamba moshi ukizidi, ugonjwa unazidi. Na wakaona jambo ambalo kila mama analijua: ukipima wastani wa moshi wa chumba kwa siku nzima, unamkosea anayepika. Maana yeye yuko juu ya moto hasa wakati kuni zinawaka vibaya, anapokoroga ugali. Kipimo cha ukutani hakioni hilo. Kipimo kilichovaliwa na yeye kingeona.

Mukuru, Nairobi, wakaazi wenyewe walibeba vipimo vidogo vya vumbi wakitembea kwenye shughuli zao, katika utafiti wa Taasisi ya Mazingira ya Stockholm na wenzao uliochapishwa 2020. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha AirQo mwaka 2015 chini ya Engineer Bainomugisha. Wakatengeneza vihisi vya hewa vinavyovumilia vumbi na joto letu, wakavifunga mpaka kwa bodaboda. Na utafiti uitwao Tupumue, wa KEMRI na Liverpool, ukalinganisha watoto wa Mukuru na wa Buruburu, mitaa inayopakana. Watoto wa Mukuru walikuwa na dalili nyingi zaidi na kali zaidi. Lakini walioambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa wengi zaidi Buruburu. Soma tena. Anayeugua zaidi ndiye asiye na jina la ugonjwa wake.

Kwa hivyo hoja yangu si kwamba mashine ni za wazungu na sikio ni letu. Hoja yangu ni hii: mashine inaona kile iliyefundwa kwake alikuwa nacho. Kila mara historia ya pumzi ilipoenda vizuri, ni kwa sababu swali lilitoka kwa anayeumia, kama yule binti wa 1955, au watu wa Mukuru. Kila mara ilipoenda vibaya, mtu mwingine alikuwa amejibu kwa niaba yetu.

Saa ikifika Marani

Najua kuna mtu atasema, "Kwa hivyo unataka turudi kwa sikio la nyanya?" Hapana. Magokoro ninampenda, lakini sikio lake lina mipaka. Binamu yangu anaenda sekondari ya bweni karibuni, na huko magokoro hayuko. Tena, kwa miaka yote magokoro alisema pumu ni baridi tu. Anamvisha sweta mbili, halafu anamkalisha jikoni karibu na mafiga apate joto afanye homuweki, na kuni mbichi zinatoa moshi kama ndege inayoruka. Aki, hakuna sikio linaloweza kusikia moshi. Kihisi kingetuambia siku ya kwanza.

Kwa hivyo zije. Ila zikija Marani, na Rioma, na Kegogi, na kule Nyamira, tuzipokee tukiwa na maswali.

Je, imejaribiwa kwa ngozi kama yetu? Muuzaji akikosa jibu, jibu ni hapana. Je, inajua hewa yetu? Moshi wa kuni, vumbi la barabara ya murram wakati wa kiangazi, mabua ya mahindi yanayochomwa baada ya mavuno, ukungu wa asubuhi. Hiyo si hewa ya Carolina. Tuna watu wa Makerere wanaojua kurekebisha vihisi kwa hewa ya hapa, kwa nini kaunti zetu zisiongee nao?

Je, data inaenda kwa nani? Kumbukeni 2023, vijana walipanga foleni KICC kuskeniwa macho kwa karibu shilingi 7,000, mpaka serikali ikasimamisha. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na inataja habari za afya kuwa data nyeti. Pumzi yako ikirekodiwa kila dakika, kuna kampuni ya bima mahali inayoipenda kama zile za enzi ya Hutchinson. Niliwaambia tutarudi kwake.

Na swali kubwa kuliko yote: kengele ikilia saa nane usiku, halafu? Usiku ule hatukukosa kihisi, tulikuwa nacho mkononi. Tulikosa inhela iliyojaa. Duka la dawa la karibu lilikuwa limekaa wiki mbili bila ile ya kuzuia, ile ya kila siku inayopunguza uvimbe, na magokoro alikuwa ameuza mikungu miwili ya ndizi akitafuta pesa yake. Tangu 2019 miongozo ya dunia inasema mgonjwa asitegemee ya buluu peke yake, kwa sababu inafungua mirija lakini haitibu uvimbe wenyewe. Lakini ndiyo familia nyingi zinanunua, ile ya bei ya chini. Kumvisha mtoto saa ya maelfu ya shilingi na kumnyima inhela ya kuzuia ni kama kuweka kengele ya moto kwa nyumba isiyo na maji.

Kwa hivyo mheshimiwa yeyote akija na picha za kugawa saa za afya, mwulizeni kwanza kuhusu rafu ya dawa.

Kabla saa haijafika

Kuna vitu vya leo, havihitaji mfadhili. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikivutwa ndani, au ulimi na ufizi ukibadilika rangi kuwa wa kijivu au bluu, usingoje namba, enda hospitali. Kifua kikinyamaza na bado anahangaika, kimbia. Muulize daktari kuhusu bomba la plastiki la kupuliza, tofauti na saa, hilo unalielewa kwa siku moja. Na kama mtoto anashindwa kuvuta inhela vizuri, daktari Heather Zar na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500, ikitobolewa chini ili mdomo wa inhela ukae sawasawa, inafanya kazi nzuri ya kupitisha dawa. Chupa ya soda, wasee. Utafiti wa kwetu, kwa shida ya kwetu.

Nilirudi Marani Aprili. Binamu yangu bado anavaa saa, sasa ni ya kuhesabu mabao na kuringia wenzake. Jikoni tumetoboa dirisha la pili, na meza yake ya homuweki imehamia sebuleni. Magokoro amelalamika kwamba sasa jikoni kuna upepo. Lakini ukutani, juu ya kitanda cha mtoto, amepiga msumari na kuning'iniza mfuko wenye inhela mbili na chupa ya soda iliyotobolewa. Kila Jumamosi anatikisa ile ya buluu sikioni, na anaandika kwenye kalenda ni mara ngapi imebonyezwa.

Leo jioni piga simu nyumbani. Uliza kama kuna mwenye pumu, na uliza inhela imebaki kiasi gani.